Yai ni la nani? Wanahisa wa duka la familia Mtwara na huduma ya vyakula vya kuagiza mtandaoni

Kisa hiki kinahusu kampuni binafsi inayouza vyakula na bidhaa za nyumbani katika Manispaa ya Mtwara Mikindani. Majina yameondolewa, baadhi ya nasaba na kazi za wahusika zimebadilishwa, na fedha za kampuni zimezidishwa kwa kigezo kimoja ili uwiano ubaki ule ule bila kumtambulisha mtu. Nauli na bei za rejareja zimeachwa zilivyo. Mwandishi aliitwa katika kikao cha mwezi Juni kama mshauri wa hesabu, kwa hiyo mambo ya kabla ya hapo ameyapata kwa kusoma mihtasari na kusimuliwa na wahusika wenyewe.

Usuli

Duka lilianza zaidi ya miaka thelathini iliyopita kwa kuuza mchele, unga, sukari, mafuta ya kula na sabuni kwa jumla na rejareja. Mwanzilishi alipohitaji mtaji wa kujenga ghala, alisajili kampuni na kuwauzia hisa watu aliowaamini. Familia yake ilibaki na asilimia 55. Shemeji yake anayeishi Dar es Salaam alichukua asilimia 20, mfanyabiashara wa korosho asilimia 15, na asilimia 10 iliyosalia ikagawanywa kwa watu wanne wenye mitaji midogo, akiwemo mwalimu mstaafu wa kike aliyeweka humo sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake. Leo mtendaji mkuu ni binti wa mwanzilishi, hivyo yule shemeji ni mjomba wake, na mfanyabiashara wa korosho humwita baba mdogo ingawa hawana damu moja.

Sheria ya makampuni ya Tanzania inaitaka kampuni binafsi iwe na wanachama wasiozidi 50 na iweke mipaka katika uhamishaji wa hisa. Maana yake ni kwamba hakuna bei ya hisa inayotangazwa kila jioni, na anayetaka kujua wawekezaji wanafikiri nini hana ubao wa kuutazama. Itambidi aangalie kwingine: mkopo wa mwanahisa umerudishwa lini, wauzaji wa jumla wanatoa mali kauli, yaani bidhaa za kulipiwa baadaye, kwa siku ngapi, na nani ameanza kuulizia kifungu cha katiba ya kampuni kinachohusu kuuza hisa. Katika kisa hiki ishara zote tatu zilijitokeza ndani ya miezi mitatu.

Mzunguko wa fedha wa duka unafuata korosho, kama biashara nyingi za Kusini. Minada ikianza mwezi Oktoba, wakulima hulipwa, na duka huuza kwa nguvu hadi Januari. Kuanzia Februari mauzo hupungua, lakini katika miezi hiyo hiyo fedha za mnunuzi wa korosho huwa zimelala. Kwa miaka kadhaa mwanahisa huyo alikuwa akiikopesha kampuni shilingi milioni 60 mwezi Februari na kurudishiwa Septemba, kabla ya minada kumhitaji tena. Makubaliano hayo hayakuwahi kuandikwa. Wauzaji wa jumla wa Dar es Salaam walijua kwamba mkopo huo upo, na kwa sababu hiyo walitoa mali kauli ya siku 30 bila maswali mengi.

Jambo la mwisho la usuli ni mji wenyewe. Mtwara ilipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya bandari ya ule mpango wa serikali ya Uingereza wa kulima karanga kwa wingi, uliofutwa mwaka 1951. Barabara zilichorwa pana, mitaa ikaachiwa nafasi kubwa kati yake, kwa kutarajia jiji ambalo halikuja kwa wakati. Yule mwanahisa mwalimu mstaafu, aliyefundisha historia, alipenda kusema kwamba mji huu ulijengwa na mwekezaji aliyeondoka. Kwa msafirishaji wa vyakula jambo hilo si mzaha, kwa kuwa umbali kati ya nyumba na nyumba ni gharama anayoilipa kila siku, na kutoka mjini hadi Mikindani ni kilomita 10 hivi.

Yaliyotokea

Januari 2024 kampuni ilifungua huduma ya kuagiza vyakula kwa simu janja. Ilinunua programu, pikipiki mbili na guta moja la injini, ikatenga stoo ndogo ya kupakia oda na kutangaza kwamba miezi mitatu ya kwanza usafirishaji ungekuwa bure. Jumla ya gharama za kuanzia ilikuwa shilingi milioni 85, ambazo sehemu yake ilitoka katika faida ya msimu uliokwisha. Bodi, ambayo kwa kweli ni mtendaji mkuu, baba yake na ndugu mmoja, iliidhinisha bila kuwauliza wanahisa wengine. Katiba ya kampuni iliruhusu.

Wanahisa walizipata habari rasmi kwenye mkutano wa mwaka, mwezi Machi. Taarifa ilikuwa na kurasa kumi na moja. Kurasa nane zilieleza huduma mpya, zikiwa na picha za pikipiki na sare za vijana. Kwenye ukurasa wa kumi palikuwa na mstari mmoja: gawio halitatolewa mwaka huu kwa sababu ya uwekezaji katika huduma ya mtandaoni. Mwaka uliotangulia gawio lilikuwa shilingi milioni 40.

Mjomba alifurahi. Alitaka huduma ifike Lindi na Masasi kabla ya mwaka kwisha, na akauliza oda zimefikia ngapi kwa siku. Mfanyabiashara wa korosho hakusema mengi, ila alipoulizwa maoni yake alijibu kwamba yeye anajua kangomba ni nini, na kwamba mtu mwenye njaa ya leo hupangiwa bei ya kesho. Wasioishi Kusini huenda wasiipate kejeli hiyo: kangomba ni biashara haramu ya kumnunua mkulima mapema kwa bei ya kutupa, kabla korosho yake haijafika ghalani. Alikuwa anasema kwamba wanahisa wanatakiwa kuachia gawio lililo mkononi kwa ahadi ambayo haijapimwa kwenye mzani wowote.

Mwalimu alikuwa ameandika maswali yake kwenye daftari la shule lenye jalada la bluu. Alisoma moja tu: “Mwanangu, kijana wa pikipiki akiangusha trei ya mayai pale njia panda, yai ni la nani? Ni la mteja, ni la kijana, au ni langu mimi?” Watu walicheka. Mtendaji mkuu naye alitabasamu, akasema hilo ni suala la utendaji, akaendelea na ajenda iliyofuata. Muhtasari wa kikao haukulitaja swali hilo, na mwandishi alilijua kwa sababu watu watatu tofauti walimsimulia, kila mmoja kwa nafasi yake.

Mei ulikuwa mwezi mbaya. Mwanzoni mwa mwezi huo, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Kusini katika wilaya ya Kilwa, na malori ya mzigo yakasimama. Rafu za duka zilipungua bidhaa, lakini programu, ambayo haikuunganishwa na daftari la stoo, iliendelea kuonyesha kwamba kila kitu kipo. Wateja waliagiza na kulipa kwa simu, kisha wakapelekewa nusu ya mzigo na ahadi ya kurudishiwa chenji. Tarehe 12 Mei hitilafu ya nyaya za intaneti zinazopita baharini ikapunguza mawasiliano karibu nchi nzima, na kwa siku kadhaa programu haikufunguka. Wateja waliokuwa na namba ya duka walipiga simu ya kawaida. Oda za siku hizo ziliandikwa kwenye karatasi za nyuma ya kalenda, na, jambo ambalo hakuna aliyelizingatia wakati ule, zilifika salama kuliko zile za mtandaoni.

Mwishoni mwa mwezi mfanyabiashara wa korosho alifika dukani baada ya swala ya alasiri. Aliketi kwenye benchi lililo kando ya mizani, akaomba maji, akaulizia afya ya mzee. Kisha akasema: “Binti yangu, ile amana yangu naiomba kabla ya Idi.” Idi el-Hajj ilikuwa katikati ya Juni. Fedha alizozoea kuzipokea Septemba alizitaka ndani ya wiki tatu. Hakutoa sababu wala hakupandisha sauti, na binti, kwa heshima, hakumuuliza.

Habari ilifika Dar es Salaam upesi. Wawili kati ya wauzaji wa jumla watatu walipunguza mali kauli kutoka siku 30 hadi 14. Juma lililofuata, Mwalimu aliandika barua akiomba kuuza hisa zake, na bodi ikagundua kwamba katiba inawapa wanahisa wengine haki ya kuzinunua kwanza kwa bei ya haki, lakini haisemi bei hiyo itakokotolewa vipi.

Maamuzi na sababu zake

Mwandishi aliitwa akiwa amepewa swali lisilo sahihi, yaani jinsi ya kuwaelimisha wanahisa kuhusu biashara ya mtandaoni. Kazi ya kwanza ilikuwa kuchukua oda moja ya kawaida na kuifuata tangu rafuni hadi mlangoni, kwa sababu hakuna mtu katika kampuni aliyewahi kufanya hivyo. Oda iliyochaguliwa ilitoka Shangani, hapo hapo Mtwara mjini: mchele, mafuta ya kula, sukari, sabuni ya unga, nyanya na trei ya mayai, jumla shilingi 60,000. Faida ghafi ya bidhaa hizo, zikichanganywa, ilikuwa takriban asilimia 9, sawa na shilingi 5,400. Pikipiki ilikula 2,000. Mifuko miwili mbadala, kwa kuwa ile ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, iligharimu 1,000. Muda wa mpakiaji ulikadiriwa kuwa shilingi 900, na makato ya malipo ya simu 300. Ilibaki shilingi 1,200.

Kiasi hicho kilibaki pale tu ambapo kila kitu kilikwenda sawa katika safari moja. Kijana akirudi mara ya pili kupeleka kitu kilichosahauliwa, 1,200 inageuka kuwa hasara ya 800. Oda hiyo hiyo ikienda Mikindani kwa nauli ya 5,000 inayobebwa na kampuni, hasara ni 1,800 hata kama hakuna yai lililovunjika. Trei moja ikianguka, faida ya oda kadhaa imekwisha. Swali la Mwalimu lililochekwa mwezi Machi ndilo swali la hesabu la huduma nzima, na lilipaswa kujibiwa siku ile.

Kikao cha wanahisa cha mwishoni mwa Juni kilianza na karatasi hiyo ya oda moja. Mjadala ulichukua saa nne, na sehemu kubwa yake ilihusu mambo madogo, jambo ambalo kwa maoni ya mwandishi lilikuwa jema. Iliamuliwa kwamba huduma iwe na daftari lake la hesabu, lisichanganywe na la duka, kwa sababu hadi wakati huo mishahara ya vijana wa pikipiki ilikuwa ndani ya gharama za duka na hasara ya huduma ilikuwa imejificha humo. Ilipohesabiwa upya, ilionekana kwamba huduma ilipoteza wastani wa shilingi milioni 9 kwa mwezi kuanzia Februari. Wanahisa waliweka kikomo cha hasara cha milioni 6 kwa mwezi hadi Desemba. Mwezi utakaovuka hapo, kikao kiitwe ndani ya siku kumi.

Eneo la huduma lilipunguzwa likawa mitaa ya mjini, oda ikawekewa kima cha chini cha shilingi 50,000, na mteja akatakiwa kulipa nauli. Stoo ya kupakia ilifungwa na oda zikarudi kuchukuliwa kwenye rafu za duka. Programu ilisimamishwa bila kufutwa. Oda zikapokelewa kwa WhatsApp na simu, na mtu mmoja akapewa kazi ya kuandika kila asubuhi bidhaa ambazo hazipo. Kuhusu yai, sheria iliandikwa hivi: mpaka mzigo uhesabiwe mlangoni mbele ya mteja, ni mali ya kampuni na hasara ni ya kampuni, baada ya hapo ni wa mteja, kijana hakatwi mshahara isipokuwa kwa uzembe uliothibitishwa na watu wawili. Mwalimu alitaka neno “uzembe” lifafanuliwe. Lilifafanuliwa.

Uamuzi uliopingwa zaidi ulikuwa wa gawio. Mtendaji mkuu aliona kwamba kulipa gawio wakati huduma inapata hasara ni kujidanganya. Mwandishi alishauri kinyume chake: duka lenyewe lilikuwa na faida, faida hiyo ilikuwa ya wanahisa, na kuwalipa nusu, shilingi milioni 20, mwezi Septemba kungetenganisha mambo mawili ambayo mstari ule wa ukurasa wa kumi uliyafunga pamoja. Pikipiki moja na guta viliuzwa ili kusaidia. Kwa mkopo wa mfanyabiashara wa korosho, iliombwa nusu ilipwe Julai na nusu mwisho wa Septemba. Alikubali, kwa sharti kwamba safari hii iandikwe.

Matokeo

Hadi Desemba 2024 hasara ya huduma ilikuwa imeshuka hadi takriban milioni 2 kwa mwezi, na kikomo hakikuvukwa hata mara moja. Idadi ya oda ilipungua kwa zaidi ya theluthi baada ya nauli kuanza kulipwa na mteja. Waliobaki walikuwa tofauti na waliotarajiwa. Vijana wa mjini wenye simu janja, ambao matangazo yote yaliwalenga, waliondoka pamoja na usafiri wa bure. Walioshika nafasi yao ni watoto wa Mtwara wanaoishi Dar es Salaam na kwingineko, wanaowanunulia wazazi mchele na mafuta kila mwisho wa mwezi, na ambao kwao nauli ya shilingi elfu mbili ni ndogo kuliko kutuma fedha na kutojua zimetumikaje. Kundi la pili lilikuwa familia zenye shughuli za jando na unyago wakati wa likizo, ambazo oda yao moja inabeba gunia la mchele. Hakuna kati ya makundi hayo aliyehitaji programu.

Mfanyabiashara wa korosho alikopesha tena Februari 2025, ila milioni 30, kwa mkataba wa kurasa mbili. Muuzaji mmoja wa jumla alirudisha siku 30. Mwingine bado yuko kwenye 14. Mwalimu aliondoa barua yake. Mjomba, aliyekuwa mwenye furaha kuliko wote, alikasirika kwa huduma kupunguzwa, akaacha kuhudhuria vikao, na sasa ndiye anayetaka kuuza.

Uchambuzi

Mtendaji mkuu alisoma hofu ya wanahisa kama hofu ya wazee kwa teknolojia. Mihtasari haionyeshi hivyo. Hakuna mwanahisa aliyepinga kuagiza kwa simu. Wote hulipa kwa simu na mfanyabiashara wa korosho hufuatilia minada kwa simu. Walichokiogopa ni hasara isiyo na ukomo, iliyotangazwa kwa sentensi moja, baada ya fedha kuwa zimeshatumika. Ilipowekewa ukomo, walikubali kuibeba hata kabla haijapungua, kwani mkopo ulikubaliwa kulipwa taratibu na barua ya Mwalimu ikaondolewa Julai, wakati hasara ilikuwa bado kubwa.

Mfano mkubwa wa jambo hili unajulikana. Tarehe 14 Oktoba 2015 kampuni ya maduka makubwa ya Walmart ya Marekani iliwaambia wawekezaji kwamba faida kwa kila hisa katika mwaka wake wa fedha uliofuata ingeshuka kwa asilimia 6 hadi 12, kwa sababu ya mishahara na uwekezaji katika biashara ya mtandaoni. Hisa zake zilianguka kwa takriban asilimia 10 siku hiyo, anguko kubwa kuliko yote kwa zaidi ya miaka 25. Wengi hulikumbuka kama adhabu ya soko kwa kwenda mtandaoni, ilhali sehemu kubwa ya punguzo hilo la faida ilitokana na mishahara. Mambo mawili yalitajwa pamoja na moja likabeba lawama ya lingine, sawasawa na gawio na programu katika ukurasa wa kumi wa Mtwara. Ni haki kusema pia kwamba Walmart ilitoa takwimu na bado ikaanguka. Takwimu hazizuii mshtuko. Tofauti ni kwamba mwenye hisa za Walmart aliyeogopa aliziuza asubuhi ile kwa mtu mwingine, na kampuni haikupoteza hata senti ya kununulia mzigo. Katika kampuni binafsi mwanahisa anayeogopa huchukua fedha kutoka kwenye droo ileile inayonunua mchele, na hofu yake inageuka uhaba wa bidhaa ndani ya majuma machache. Ndiyo maana duka dogo linahitaji kuzungumza na wanahisa wake mapema kuliko kampuni kubwa, ingawa kwa kawaida ndilo linalofanya hivyo kwa kuchelewa.

Furaha ya mjomba nayo ilipaswa kutiliwa shaka. Aliunga mkono kwa kuhesabu oda, na mwekezaji wa namna hiyo huondoka oda zinapopungua hata kama hesabu zinanyooka. Februari 2018 Walmart hiyo hiyo ilianguka tena kwa takriban asilimia 10 katika siku moja, sababu mojawapo ikiwa ukuaji wa mauzo yake ya mtandaoni nchini Marekani kushuka kutoka asilimia 50 hadi 23. Mauzo yalikuwa bado yanakua. Waliokuwa wamenunua kasi hawakuridhika na ukuaji. Huku kwetu mtendaji mkuu alimtumia mjomba kama ushahidi kwamba wanahisa wako nyuma yake, na kwa miezi mitatu ushahidi huo ulimzuia asimsikie aliyekuwa kimya.

Kurudisha upakiaji dukani kulifaa, na haikuwa busara mpya. Webvan ya Marekani, iliyouza vyakula kwa mtandao, ilijenga maghala makubwa ya oda kabla ya kuwa na wateja wa kutosha, ikafilisika Julai 2001. Tesco, kampuni ya maduka makubwa ya Uingereza, ilianza huduma yake ya mtandaoni kwa kuchukua bidhaa kwenye maduka yake yaliyokuwepo. Stoo ya kupakia ya Mtwara ilikuwa ghala dogo la Webvan.

Yapo ambayo hayakufaulu hata baada ya Juni. Programu iliyogharimu milioni 30 imelala, na bodi haijakubali kuifuta katika mizania, hivyo thamani ya kampuni inaonekana kubwa kuliko ilivyo. Kwa muda mrefu hilo lilikuwa jambo la karatasi tu. Sasa limekuwa zito, kwa sababu mjomba anataka asilimia 20 yake inunuliwe kwa thamani inayoihesabu programu hiyo kikamilifu, familia inataka ihesabiwe sifuri, na katiba bado haina kanuni ya kukokotoa bei. Mkaguzi ameombwa atoe maoni. Mwalimu naye ameomba nakala ya maoni hayo yakifika, na amekwisha kuandika maswali.